Tovuti ya redio ikigoma kwa ndani, isomwe daftari ya makosa kabla ya kumtafuta adui

Katika redio moja ya jamii kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kivu ya Kusini, tovuti iligoma jumapili usiku. Haikuzimika. Na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Aliyetaka kusoma habari alifungua simu yake akaona kila kitu kama kawaida: picha ya mnara wa redio, habari za barabara, tangazo la jumamosi. Tangazo hilo lilisema kwamba uandikishaji wa jamaa zilizokimbia vita kutoka vijiji vya milimani ungefanyika jumanne asubuhi kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Lakini jumapili mchana mvua kubwa ilinyesha, mto ukapanda, kiwanja kikajaa maji na tope. Viongozi wa mtaa pamoja na shirika linaloandikisha wakakubaliana kuhamishia kazi kwenye uwanja wa kanisa, ng'ambo ya mto, karibu saa moja na nusu kwa miguu. Mtangazaji wa zamu akasoma badiliko hilo hewani mara tatu jioni hiyo. Kisha akaketi mbele ya kompyuta ili alibadilishe na kwenye tovuti.

Akaandika jina, akaandika neno la siri, akabonyeza. Ukurasa mweupe. Juu yake mstari mmoja tu wa Kiingereza, ukisema kwamba tovuti imepata kosa kubwa na kwamba msimamizi aangalie barua yake ya intaneti apate maelekezo. Akajaribu tena. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akajaribu kwa simu, kisha kwa simu ya mlinzi. Jibu lilikuwa lile lile. Akamwita mkuu wa programu, naye akauliza swali ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na jibu lake: "Huyo msimamizi anayeandikiwa barua ni nani?"

Jumanne asubuhi kiwanja cha shule kilikuwa na watu. Si wale wa mjini, hao walisikia redio. Walikuwa ni wale waliojihifadhi katika bonde nyuma ya kilima, ambako mawimbi ya redio hayafiki vizuri na simu moja yenye mega husomewa nyumba kumi. Wengine walipashwa habari na watoto wao walioko kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, ambako Wakongomani wanaishi tangu 1996 na ambako redio ndogo ya huku haisikiki kabisa. Kule watu husoma tovuti, kisha wanapiga simu nyumbani. Kwa hiyo habari ilivuka ziwa ikarudi, na ilikuwa habari ya uongo.

Mama mmoja mwenye watoto wanne, mmoja mgongoni, alifika mlangoni kwa redio mchana, miguu yote tope.

"Papa, siyo ninyi mliandika shuleni?"

"Ni sisi, mama. Ila ilibadilishwa."

"Mtoto wangu wa Nyarugusu amenisomea tena leo asubuhi. Ingali imeandikwa shuleni."

Mtangazaji hakuwa na la kusema. Alipomwelekeza kanisani, saa zilikuwa zimekwenda, na waandikishaji walikuwa wamekwisha kukunja meza zao.

Redio ikinyamaza, kila mtu anajua kwamba imenyamaza. Betri imekwisha, jenereta haina mafuta, mnara umepigwa na radi. Msikilizaji anasikia mvumo tu, anakwenda kuuliza kwa jirani. Tovuti ambayo mlango wake wa ndani umefungwa haifanyi hivyo. Inaendelea kusema maneno ya juzi kwa sauti ya leo. Kwa mtu anayesoma michezo si neno. Kwa mtu ambaye jina lake lisipoandikwa leo hatapata shitingi wala unga, ni jambo zito, na redio za jamii za mkoa huu hazijalipa uzito wake.

Lakini ubaya wa wiki ile haukuishia kwenye kiwanja cha shule. Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kujua nini kimetokea, kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu. "Wametushambulia." "Wamekata tovuti ili wananchi wasijue." Mwengine akaandika jina la kijana mmoja, fundi wa zamani, aliyeacha kazi mwezi uliotangulia kwa ugomvi wa malipo. Kufika saa sita mchana lilikuwa halisemwi tena jina lake tu. Lilisemwa kabila lake, na kijiji cha baba yake, na upande ambao watu wa kijiji hicho wanadhaniwa kuunga mkono. Kijana akayaona maneno hayo, kwani hakuna kikundi cha WhatsApp kisichovuja. Akazima simu.

Kila anayeishi katika eneo hili anajua namna neno kama hilo linavyoweza kumalizikia. Katika vijiji vya huku watu wamefukuzwa kwa maneno machache kuliko hayo. Ndiyo maana kosa la tovuti si jambo la mafundi peke yao. Chombo cha habari ambacho kila siku kinawaomba wasikilizaji wasisambaze uvumi kilikaa siku mbili kikisambaza uvumi juu ya mtu wake chenyewe, kwa sababu hakuna aliyejua kusoma mstari mmoja.

Mstari huo unasomeka. Hauhitaji chuo kikuu.

Seva ni kompyuta iliyo mbali, mara nyingi Ulaya au Marekani, inayowaka usiku na mchana na kuhifadhi kurasa za tovuti. Simu ya msomaji inapoomba ukurasa, seva hujibu kwa namba kwanza, hata kama namba hiyo haionekani. 200 maana yake ni sawa, chukua. Namba zinazoanza na 4 zinamwambia aliyeomba kwamba ombi lake lina kasoro: 404, unachotafuta hakipo, 403, huna ruhusa. Namba zinazoanza na 5 ni seva yenyewe ikikiri kwamba imeshindwa. 503 husema imelemewa au iko kwenye matengenezo. 502 na 504 hutokea pale seva iliyo mbele inapomuuliza mwenzake aliye nyuma, ikapata jibu lisiloeleweka au ikangoja bure. Na 500, ile iliyopata redio hii, ni neno la jumla: nilianza kazi, nikaanguka katikati, sisemi kwa nini hapa mlangoni, sababu iko kwenye daftari.

Hapo tu kuna jibu la nusu ya uvumi. Namba 500 ni jibu, na aliyekatiwa njia hajibu. Wakongomani wanakumbuka intaneti ilipokatwa nchi nzima toka tarehe 31 desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa muda wa karibu siku 20. Wakati ule hakuna aliyeona 500 kwenye tovuti yoyote. Simu ilisema tu kwamba haipati mtandao. Kwa hiyo anayeona ukurasa wa kosa uliotoka kwenye seva, na wakati huo huo anaona ukurasa wa mbele ukifunguka vizuri, anajua kwamba njia ni nzima na mashini iko hai. Kilichoanguka ni programu ndani yake.

Wengi waliuliza: ikiwa ndani kumeanguka, mbona mbele kunafunguka? Ni swali zuri, na ndilo lililowapoteza. Redio hii, kama tovuti nyingi ndogo duniani, inatumia WordPress, programu ya bure ya kutengenezea tovuti iliyoanza 2003. Ukurasa wa mbele mara nyingi hutolewa nakala iliyokwisha kupikwa na kuwekwa kando, kama wali wa jana unaopashwa moto. Chumba cha ndani, pale wahariri wanapoandikia, hakina nakala ya kando. Kila mara kinapikwa upya, tena kwa viungo vingi zaidi, kwani huko ndiko vinakopakiwa vipande vya programu ambavyo msomaji wa kawaida havimhusu. Kipande kimoja kikiwa kibovu, chumba kizima hakifunguki, na huku mbele wageni wanaendelea kula wali wa jana.

Daftari ya makosa ilipofunguliwa mwishowe, jumatano jioni, ilikuwa na mstari ule ule umejirudia mara nyingi. Ulisema kwamba programu imeita kazi inayoitwa "create_function" na kazi hiyo haipo. Mbele yake iliandikwa njia ya faili, na ndani ya njia hiyo jina la plagini ya zamani ya kupanga picha. Basi. Hakuna adui, hakuna mkono wa serikali, hakuna kijana mwenye chuki.

Kilichotokea ni hiki. WordPress imeandikwa kwa lugha inayoitwa PHP, na lugha hiyo hubadilika mwaka hadi mwaka. Kazi ile ya "create_function" ilitangazwa kuwa ya kizamani katika toleo la 7.2, na katika toleo la 8.0, lililotoka novemba 2020, ikaondolewa kabisa. Toleo la 7.4, la mwisho katika ukoo wa 7, liliacha kupata matengenezo ya usalama novemba 2022. Kampuni zinazokodisha nafasi kwenye seva huwahamisha wateja wao kwenda matoleo mapya, kila moja kwa wakati wake, na hilo ni jambo la haki kwani toleo lisilotengenezwa ni mlango wazi kwa wezi. Mwisho wa wiki ile ilikuwa zamu ya redio hii. Plagini ya picha haikuguswa na mtu kwa miaka. Sehemu yake ya ndani ilikuwa bado inaita kazi iliyokufa. Seva ikatafuta, ikakosa, ikaanguka.

Dawa haikuchukua hata nusu saa. Aliyekuwa na ufunguo aliingia kwenye paneli ya kampuni, akafungua sehemu ya mafaili, akaingia katika folda "wp-content", kisha "plugins", akaibadilisha jina folda ya plagini ile kwa kuiongezea herufi mbili mwishoni. WordPress isipoipata plagini mahali pake huiacha na kuendelea. Mlango ukafunguka. Picha zikapoteza mpangilio wake mzuri kwenye ukurasa wa mbele, jambo ambalo hakuna mkimbizi aliyelilalamikia.

Ni vema kusema pia namna ya kufanya pale daftari haionekani, kwani kampuni za bei ya chini wakati mwingine huificha. Katika faili "wp-config.php" kuna mstari wa WP_DEBUG. Ukiwekwa "true", na WP_DEBUG_LOG nayo ikawekwa "true", makosa yataandikwa katika faili "debug.log" ndani ya "wp-content". Lakini WP_DEBUG_DISPLAY lazima iwekwe "false", la sivyo njia za mafaili zitaonekana na kila mpita njia, na baada ya kazi vyote virudishwe kama vilivyokuwa. Hata bila daftari kuna njia ya kipofu: folda nzima ya "plugins" inabadilishwa jina, mlango unajaribiwa, na ukifunguka folda inarudishiwa jina lake halafu plagini zinawashwa moja baada ya nyingine hadi ile mbovu ijitambulishe. Ni kama fundi wa umeme anayekata nyumba zote za mtaa na kuziunga moja moja.

Si kila mara sababu ni plagini. Pengine faili dogo linaloitwa ".htaccess" limeharibika, libadilishwe jina, na tovuti itaandika jingine pindi mtu atakapoingia kwenye mipangilio ya anwani za kurasa na kubonyeza kuhifadhi. Pengine daftari inataja kumbukumbu iliyokwisha, ikiandika 41943040, idadi inayotisha lakini maana yake ni mega 40 tu, kiwango cha kawaida ambacho kinaweza kupandishwa ikiwa kampuni inaruhusu. Pengine nafasi ya diski imejaa kwa sauti za vipindi, na hapo redio inajiziba pumzi yenyewe. Jambo la hatari kuliko yote ni lile ambalo karibu lifanyike jumatatu ile: mtu mmoja alipendekeza kufuta kila kitu na kuweka WordPress upya. Kama angekuwa na ufunguo angefanya. Miaka ya habari, sauti za wazee, matangazo ya watoto waliopotezana na wazazi wao, vyote vingekwenda, kwani hakuna nakala iliyokuwa imehifadhiwa mahali pengine.

Sasa kuhusu ufunguo, na hapa ndipo lawama inapopaswa kukaa.

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikipata kosa la namna hii inajaribu kumsaidia mwenyewe. Inatuma barua ya intaneti kwa anwani ya msimamizi, inataja plagini iliyosababisha, na inatia ndani kiungo maalum cha kuingilia huku plagini hiyo ikiwa imesimamishwa. Kiungo hicho hudumu siku moja. Kwa maneno mengine, jumapili usiku, mtangazaji alipokuwa anajaribu simu ya mlinzi, dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa na kutumwa. Ilitumwa kwa mtu ambaye hayupo. Anwani iliyowekwa ilikuwa ya mradi wa shirika fulani lililotengeneza tovuti miaka iliyopita, likapiga picha za uzinduzi, likaondoka mradi ulipokwisha. Anwani ikafa pamoja na mradi. Taarifa ya kampuni kuhusu toleo jipya la PHP, ambayo ilitumwa mapema, nayo ilikwenda kwenye kaburi hilo hilo.

Na neno la siri la paneli? Lilikuwa na mtu mmoja tu duniani: kijana aliyetukanwa.

Hakulificha. Siku alipoondoka hakuna aliyemuomba. Hakukuwa na karatasi ya makabidhiano, hakukuwa na daftari ya redio ambamo limeandikwa. Watu walihesabu viti, mikrofoni na kebo, wakatia sahihi, wakasahau kitu ambacho hakishikiki kwa mkono. Jumatano mkurugenzi mwenyewe alipanda moto hadi nyumbani kwa dada mkubwa wa kijana huyo. Dada alimsikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu.

"Mkubwa, wiki hii ndugu yangu mmemwita nani?"

Mkurugenzi aliomba radhi, kwanza kwa dada, kisha kwa simu. Kijana aliingia kwenye paneli yeye mwenyewe, kwa mega zake, akasoma daftari, akafanya ile kazi ya nusu saa. Hakudai hata falanga moja. Mtu mwengine angedai, na angekuwa na haki.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Redio ambayo watangazaji wake hawana mshahara, ambayo inahesabu lita za mafuta ya jenereta, itapata wapi muda wa kujifunza daftari za seva? Hoja hiyo ina uzito. Lakini gharama ya kujifunza ilikuwa nusu saa, na gharama ya kutojifunza ilikuwa siku tatu, jamaa ambazo hazikuandikwa, na jina la kijana lililotembezwa mjini. Redio ambazo zimejifunza kutengeneza mtambo wa mawimbi kwa nyaya za redio mbovu haziwezi kusema kwamba folda ni ngumu.

Wengine watasema tovuti iachwe, Facebook na WhatsApp zatosha. Ni kweli kwamba watu wengi wako huko, na mega zake ni za bei nafuu. Ila hata huko ukurasa una wasimamizi, una neno la siri, una namba ya simu iliyousajili, na namba hiyo nayo mara nyingi ni ya mtu aliyekwisha kuondoka. Kuhama nyumba hakumponyi anayepoteza funguo.

Na wapo wanaosema, baada ya kusikia yote haya, kwamba mashambulizi yapo kweli na haifai kuwadanganya watu kwamba yote ni plagini. Hao wasikilizwe. Tovuti za habari hushambuliwa, na katika nchi yenye vita hakuna wa kuapa kwamba yake haitaguswa. Lakini shambulizi nalo lina alama zake. Watumiaji wasiojulikana wanaonekana katika orodha ya wasimamizi. Ukurasa unamrusha msomaji kwenye michezo ya kamari. Mafaili yana tarehe za usiku ambao hakuna aliyefanya kazi. Alama hizo hutafutwa katika daftari na orodha hizo hizo. Anayetaka kumshitaki adui ana sababu kubwa zaidi ya kusoma daftari kwanza.

Mashirika yanayofadhili redio hizi yana sehemu yao, nayo si ndogo. Kutengenezea redio tovuti na kuacha anwani ya mradi mahali pa msimamizi ni sawa na kumjengea mtu nyumba na kuondoka na ufunguo wa mlango wa nyuma, bila ubaya wowote moyoni, kwa kusahau tu. Siku ya makabidhiano, badala ya picha na fulana, mtu mmoja wa redio aingie kwenye paneli mbele ya wote, aione daftari ya makosa kwa macho yake, abadilishe neno la siri, apakue nakala nzima ya tovuti. Asiyeweza kufanya hayo mbele ya mfadhili bado hajakabidhiwa kitu.

Redio nazo ziache kumtegemea kijana mmoja. Watu wawili wawe na ufunguo, na wa tatu awe na bahasha iliyofungwa, kwa mfano mama mweka hazina, ambaye kwa kawaida ndiye mtu asiyehama redio. Neno la siri lisitumwe kamwe katika kikundi cha WhatsApp; lile la redio hii lilibadilishwa mara mbili ndani ya wiki kwa sababu mara ya kwanza mtu alilituma kikundini kwa furaha. Nakala ya tovuti ipakuliwe kila mwezi, iwekwe kwenye flashi, na flashi ilale nyumba nyengine, kwani mahali hapa ofisi huporwa. Na orodha za majina ya jamaa zilizokimbia, zenye vijiji walikotoka na mahali walipojificha, zisiwekwe kabisa ndani ya tovuti, hata katika chumba cha ndani. Mlango uliogoma leo unaweza kuachwa wazi kesho, na wapo wanaotafuta orodha kama hizo kwa nia isiyo ya kugawa unga.

Jambo moja dogo lingewasaidia wasomaji mara moja, bila fundi. Kila tangazo la kuandikishwa au la ugawaji liandikwe juu yake siku na saa lilipowekwa, pamoja na namba ya simu ya redio ya kuhakikishia. Mtoto wa Nyarugusu angeona kwamba tangazo ni la jumamosi, angemwambia mama yake apige simu kwanza kabla ya kubeba watoto.

Mama yule alirudi kanisani siku ya alhamisi, waandikishaji walipokubali kufungua meza kwa waliokosa. Aliandikwa, yeye na watoto wanne. Idadi ya waliokata tamaa wakabaki bondeni haijulikani redioni. Barua za tovuti sasa zinafika kwa watu wawili, mkuu wa programu na mtangazaji wa zamu ya usiku. Kamati imekwisha kumtuma mtu mara mbili kwa dada mkubwa, kumuomba kijana arudi hata kwa siku mbili kwa wiki. Bado hajajibu.